Kilomita ya Nne

Huzimikia pale pale. Kilomita ya nne,
ukishapita kanisa la kengele iliyopasuka,
barabara inapoachana na mizabibu ya Barbera
na kuanza kupanda kwa hasira.
Halizimi kama taa. Hukohoa,
hukusanya pumzi, hukohoa tena,
kisha mguu wangu unakanyaga utupu
na Lancia yangu ya mwaka sitini na saba,
rangi ya mvinyo uliomwagika juzi,
inaanza kurudi kinyumenyume
mpaka nivute breki ya mkono.

Likipumzishwa dakika kumi huwaka,
kana kwamba hatukugombana.

Fiorenzo asema koili.
Fiorenzo husema koili kwa kila kitu;
mkewe alipohamia Savona, alisema koili.

Mimi nilikaa miaka thelathini na mmoja
kiwandani Canelli, nikikagua vizibo vya chupa.
Najua kosa halipigi kelele.
Linakaa kwenye foleni, limenyooka,
linafanana na wenzake.

Jumanne nikafungua kabureta zote mbili.
Mabakuli yalikuwa karibu makavu.
Haba na haba, tunaambiwa, hujaza kibaba;
hapa kibaba kilikuwa kinasubiri haba
na haba haiji.
Boya nikalitikisa sikioni: halina tone ndani.
Sindano yake nikaipuliza kwa mdomo,
boya juu, ikaziba; boya chini, ikaachia,
tiifu kama mtoto siku ya kwanza shuleni.
Jeti nikazipanga kwenye kisahani cha kahawa
nikazichungulia moja moja, dirishani,
na ndani ya kila moja mlikuwa na mbingu
isiyozidi punje ya ulezi.

Jumatano chujio. Safi.
Alhamisi pampu: kiwambo kipya kutoka Torino,
mpira nikauelekeza kwenye chupa ya nyanya
na petroli ikaruka, ikaruka, ikaruka,
pigo zuri la mshipa wa shingo.

Kila kiungo kizima, na mgonjwa hatembei.
Daktari gani hajawahi kusema hivyo
huku akifunga mkoba?

Jumamosi likanifia tena. Kona ile ile.
Nilikuwa nimechoka hata kutukana.
Nikazunguka nyuma, nikazungusha mfuniko wa tangi,
nione tu kama petroli imo,

fyuuuuu.

Si kutoka. Kuingia.
Tangi lilivuta hewa kwa muda mrefu
kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji,
na bati lake likapiga *ko*, likarudi umbo.
Nikarudi kwenye usukani. Likawaka mara moja.

Nikabaki nimeketi, mfuniko mapajani,
injini ikinguruma, na uso ukinichoma.

Kwa sababu niliukumbuka mwezi wa Aprili.
Dada yangu Ersilia, kitambaa chake cha Pasaka,
malalamiko yake: *nanuka kama kituo cha mafuta.*
Nami jioni ile nikaukagua mfuniko
kama nilivyokagua milioni ngapi, sijui,
nikaona tundu, dogo, la kupita uzi tu.
Kizibo chenye tundu ni kizibo kibovu.
Mkono haukuuliza kichwa.
Nikaudondoshea tone la risasi ya kulehemu,
nikalisugua likang'aa,
nikajisifu.

Tangu siku hiyo pampu ilikuwa ikivuta
na tangi, lililozibwa pua, likishindwa kuachia;
kilomita tatu likivumilia,
ya nne, basi.

Nimelitoboa upya kwa kekee ya milimita moja.
Jana tulipanda mpaka juu kabisa, bila kikohozi,
Ersilia kando yangu, dirisha wazi, pua kaiminya,
akinuka kama kituo cha mafuta
na kucheka upepo ulipompokonya kitambaa.

Fiorenzo alikuwa amesimama langoni tuliporudi.
Aliuliza ugonjwa ulikuwa nini.
Mwaka huu hajashinda hata karata moja.

Koili, nikamwambia.